Siku Niliyomnyoa Mhispania Mbele ya Uwanja Mzima

Wapo wanaoumbuka mbele ya wakwe na wapo wanaoumbuka harusini, lakini mimi mwenzenu niliumbuka mbele ya uwanja mzima wa Jeddah, taa zinawaka, televisheni inaonyesha moja kwa moja, nami nimesimama pembeni ya chaki na mkasi mkononi, namnyoa mchezaji aliyekalishwa juu ya sanduku la barafu. Naona mmeanza kutabasamu. Chekeni tu (hata mke wangu kule Tanga alipoletewa ile video alicheka kwanza, kulia kukaja baadaye), ila mjue kwamba siku ile ilimgharimu mtu, na mtu mwenyewe si mimi.

Ilikuwa miaka ile mawakala wanasomba watu Dar na Nairobi, ukiwa na pasi ya kusafiria tu unapelekwa Saudia, dereva, mlinzi, dada wa kazi, yeyote. Mimi nilipelekwa Riyadh kufua nguo kwenye duka la dobi la kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini, na kafili ana kaka yake ambaye ni kiongozi wa klabu ya mpira ya daraja la pili, basi nikahamishiwa huko nifue jezi, na kidogo kidogo nikajikuta ndiye mtunza vifaa, viatu kwangu, mipira kwangu, chupa za maji kwangu. Kiarabu nilikishika upesi na Kiingereza nilikuwa nacho cha kuungaunga. Kwa hiyo alipoletwa yule kiungo wa Kihispania, Ruben, ambaye Kiarabu hajui hata salamu, klabu ikaniambia, "Shomari, huyu ni wako."

Sasa ngoja niwaambie Ruben alikuwa nani, maana mkisikia Hispania mnafikiria viwanja vile vya kwenye televisheni. Yeye hakucheza huko. Yeye alicheza madaraja ya chini, miji midogo ambayo jukwaa lina watu wachache mpaka ukikosea pasi unamsikia mzee mmoja anakutukana kwa jina lako na la mama yako. Asubuhi alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vigae, jioni mazoezi, Jumapili mechi. Timu moja ikavunjika, akaenda nyingine, ikashuka daraja, akaenda nyingine. Alinisimulia haya kwenye basi, bila kulalamika, kama mtu anayekusimulia alikula nini mchana. Pasi zake jamani! Hana mbio, hana nguvu, lakini mpira ukifika mguuni kwake timu nzima inatulia. Umri ulikuwa umeshampita, thelathini na zaidi, na Riyadh alikuja kwa sababu kwao simu zilikuwa zimeacha kulia.

Mkewe na bintiye walibaki Hispania, maana mkataba wetu haukuruhusu familia. Kila jioni alikuwa anaongea na yule mtoto kwenye simu, mtoto anamwonyesha jino lililong'oka, yeye anaweka mkono juu ya kioo cha simu. Halafu siku moja ikaja habari kwamba klabu kubwa ya Jeddah, ya ligi kuu kabisa, inatafuta kiungo, na watu wao wawili watakuja kumtazama Ruben tutakapocheza ugenini huko Jeddah. Wakimpenda, atapata nyumba na familia itakuja. Akanishika bega akaniambia, "Shomari, nimecheza mpira tangu nina meno ya utoto, na haijawahi kutokea mtu akaja uwanjani kunitazama mimi." Mimi machozi yalinilenga, sitaki kuwadanganya.

Siku ya mechi yenyewe, asubuhi, akaniambia anataka kupunguzwa nywele aonekane nadhifu. Alikuwa na nywele ndefu, anazifunga kwa nyuma. Jirani na kambi yetu pale pale kulikuwa na kinyozi Mturuki, mtu makini, anakata nywele laini kama hizo kila siku. Angetosha. Mtu mwenye akili zake angemvusha barabara akamkalisha kwenye kiti, kwisha habari. Mimi nikasema, "Mturuki? Achana naye. Twende Sulimaniyah, kuna mtu wangu huko."

Mtu wangu alikuwa Saleh, Myemeni aliyekuwa ananinyoa mimi, na ninyi mnakijua kichwa changu, kunyoa kichwa hiki ni kupitisha mashine mbele nyuma. Lakini si Saleh niliyekuwa namfuata. Sulimaniyah ndiko wanakofanya kazi vijana wetu wote, Wakenya kwa Watanzania, kwenye migahawa na maduka, na mimi nilitaka wanione nikitembea na Mzungu mchezaji. Ndiyo hivyo. Nilitaka wanione tu.

Na walituona! Saleh ndiyo kwanza amemkalisha Ruben kitini, Wafula, Mkenya mmoja anayehudumu mgahawa wa mkabala na kwa Saleh, akavuka barabara na aproni yake kiunoni. "Buda, na huyu ni nani tena?"

Ningejibu, "Ni Ruben, mchezaji wetu." Sentensi hiyo ingetosha kabisa. Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikaanza kupiga fiksi. Nikasema huyu bwana amecheza Hispania na majina makubwa yote, amewakaba wote, wengine wanamwogopa hadi leo. Ruben mwenyewe haelewi Kiswahili, anatabasamu tu, shingoni ana kile kitambaa cha kinyozi.

"Wacha!" Wafula akasema. "Apana, wacha! Mafans, kujeni!"

Wakaja. Wapishi wakaja, muuza simu akaja, dereva mmoja wa Kisudani aliyeacha gari limewashwa akaja. Duka la Saleh lina viti viwili, na sasa lina umati, kila mtu simu juu, kila mtu anataka picha na kichwa cha Ruben. Saleh naye anacheka kwenye kamera na mashine inanguruma mkononi, Wafula akajibana aingie kwenye picha, akamgonga Saleh kiwiko.

Mashine ikapanda juu. Kuanzia sikioni kwenda utosini, njia nyeupee, ungeweza kupitisha mbuzi.

Ruben akajitazama kwenye kioo, akagusa ile njia kwa kidole, akanitazama mimi. Saleh akadakia, "Mafi mushkila, mafi mushkila," hakuna tatizo, anyoe kichwa chote basi, kipara ni safi, kipara ni heshima. Ruben akafumba macho akaitikia kwa kichwa. Saleh akaanza upande wa kushoto, chwaa, chwaa, nywele zinaanguka chini furushi zima, upande wa kushoto ukaisha, anageuza kiti kuanza wa kulia, na adhana ya adhuhuri ikalia.

Aliyekaa Riyadh miaka ile anajua nilivyoshtuka. Adhana ikilia, duka linafungwa, awe na mteja au hana. Watu wa dini wanapita na gari lao wanapiga kelele "Salaa! Salaa!", na Saleh walikuwa wameshamkamata mara moja akinyoa wakati wa swala, ikama yake, kibali cha kuishi, nusura iende, kwa hiyo hakuwa na mjadala. Nikamsihi, "Saleh, ndugu yangu, upande mmoja tu umebaki." Akasema, "Halas, basi, Shomari. Rudini baada ya swala." Akazima umeme kwenye swichi kubwa, umati ukatawanyika kama haukuwahi kuwepo (Wafula wa kwanza), shata likashushwa, sisi tukatolewa mlango wa nyuma kwenye mapipa ya taka.

Kurudi baada ya swala haiwezekani, kwa sababu klabu yetu ya kubana matumizi ilikuwa inasafiri siku ile ile ya mechi, na basi la kwenda uwanja wa ndege linaondoka mara tu watu wakimaliza kuswali. Nikamvulia kofia yangu ya sufu, ya bluu, nikamvika mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Tukifika Jeddah tunamaliza hotelini, nusu saa tu, hakuna atakayejua." Akaitikia. Alikuwa bado ananiamini, na nikikumbuka hilo roho inaniuma.

Kufika uwanja wa ndege, vumbi likashuka. Riyadh ikawa ya manjano, huoni hata ndege zilizopaki. Tukakaa, tukakaa, wenzetu wanalala juu ya mabegi, Ruben kajikunyata na kofia yake, kocha wetu Mtunisia akamuuliza kama ana homa, mimi nikadakia, "Ni baridi ya kiyoyozi, kocha." Tulipotua Jeddah magharibi ilikuwa imeingia, hoteli ikafutwa, basi moja kwa moja uwanjani. Mnalijua joto la Jeddah, lile la unyevu, unatoka kwenye ndege shati linanata mgongoni. Mtu mzima na kofia ya sufu! Jasho linamchuruzika mpaka kidevuni na bado kaishikilia kwa mikono miwili.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo sikupata hata sekunde ya kutafuta mashine. Mabegi ya jezi yalichelewa kutoka, yalipofika timu nzima inanipigia kelele, yalla Shomari soksi, yalla Shomari fulana, na kocha anachora ubaoni. Ndipo likanijia wazo (Mungu anisamehe mawazo yangu). Nikamvuta Ruben chooni, nikachukua bandeji ya daktari wa timu, nikamzungushia kichwa chote, kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, akawa kama katoka kwenye ajali, nikamtaka abaki humo mpaka timu zitoke. Nikamwambia wachezaji hucheza na bandeji, wewe si umewaona? Akasema kwa sauti ndogo, "Wale watu watafikiri nimeumia." Nikasema, "Wakikuona unakimbia watajua hujaumia." Kila aliposema neno la maana mimi nilikuwa na jibu.

Timu zikatoka. Mimi nipo benchi na chupa zangu. Jukwaa kuu naliona, na wale watu wawili nawaona, mmoja mzee mwenye miwani, mwingine kijana anazungusha tasbihi. Refa anapita kukagua viatu, anapita, anapita, akafika kwa Ruben akasimama.

"Huyu ana nini?"

Kocha ndiyo kwanza anaiona ile bandeji. Macho yalimtoka. Akamgeukia daktari, daktari akasema sijamfunga mimi, nahodha akasema sijui, na wote kwa pamoja, kama waliopanga, wakanitazama mimi. Refa akaamuru ifunguliwe aone kama kuna damu. Daktari akaanza kuifungua. Jamani, nilikuwa nimeifunga vizuri! Inazunguka, inazunguka, haiishi, kamera imesogea, watu jukwaani wamesimama waone jeraha, na mzunguko wa mwisho ukaanguka kwenye nyasi.

Upande mmoja kipara kinang'aa kwa jasho chini ya taa, upande mwingine nywele za Kihispania mpaka begani.

Uwanja wa mpira kunyamaza vile, sijawahi kuona tena. Halafu refa akasema neno moja, "Kazaa," na hapo nikazitua chupa zangu chini, maana mimi Mwislamu, nimesoma chuo cha Kurani, nalijua. Kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu hakutakiwi, na kule enzi zile ilikuwa kanuni hata ya mpira, mchezaji mwenye nywele za namna hiyo haingii uwanjani. Tangu Sulimaniyah nilikuwa nahangaika kuficha aibu, haikunijia hata mara moja kwamba nimemnyolea mtu ile ile waliyoikataza.

"Zinyolewe zote au asicheze," refa akasema.

Kocha hakunifokea. Alininyooshea kidole tu, kisha akamnyooshea Ruben, kisha akalinyooshea sanduku la barafu. Daktari akanipa mkasi wake wa kukatia bandeji, ule wenye ncha butu. Mpira ukaanza, wenzetu kumi ndani, na mimi pale pembeni nimeinamia kichwa cha mtu. Nywele za jasho hazikatiki, zinateleza, nakata hapa zinabaki pale, na jukwaa limeshazinduka. Waarabu mtu akitoka kunyolewa humwambia "naiman", ni neno zuri, la kumtakia heri. Sasa hebu pigeni picha linaimbwa na uwanja mzima, na ngoma juu, "Na-i-man! Na-i-man!", kila nikifumba mkasi, "Naiman!" Hata mpigapicha alikuwa anacheka, kamera yake inatikisika.

Na mimi nikageuka kuangalia. Sijui niligeuka kufanya nini. Mkasi ukala sikio.

Astaghfirullah! Damu ya sikio mbona nyingi hivyo? Ruben akaruka, daktari akaja mbio, refa akasema mwenye damu haingii, basi akafungwa tena bandeji, safari hii ya kweli, na kichwa chake kimebaki vishungi vishungi kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Akasimama. Akaokota mkasi nilioudondosha, akanirudishia kwa kuushika upande wa ncha ili mimi nishike upande salama (hebu fikirieni, mtu niliyemfanya vile), akaingia uwanjani watu wanamwimbia.

Akacheza. Mnataka niwaambie nini? Mara ya kwanza anagusa mpira, jukwaa "Naiman!", mara ya pili "Naiman!", lakini yeye anapokea, anainua kichwa, anatoa, anapokea, anatoa. Kipindi cha pili zile kelele zikapungua, zikageuka miguno ile ya watu wanaoujua mpira. Karibu na mwisho akapitisha pasi katikati ya mabeki watatu, sijui aliuona wapi ule mwanya, mshambuliaji wetu akabaki na kipa, tukashinda. Nilirusha chupa zote juu. Nilisema, Yarabi, umeniokoa.

Baada ya mechi wale wawili wakashuka kwenye korido. Kocha yupo, Ruben yupo na barafu sikioni, mimi nimebeba begi la mipira. Mzee mwenye miwani akaongea Kiarabu taratibu, kwa adabu sana. Akasema mchezaji ni mzuri, wallahi ni mzuri kuliko walivyoambiwa. Halafu yule kijana akageuza simu yake tuone. Ni mimi, na mkasi, na ile ngoma. Mechi haijapoa na video imeshafika kila mahali, akasema rais wa klabu yao ametumiwa na watu wasiohesabika, na mashabiki wameshaanza kumtania mtandaoni kwamba ananunua kinyozi. "Mchezaji mpya tunamtambulisha mbele ya nchi nzima," mzee akasema. "Huyu nchi nzima inamcheka. Rais amesema hapana." Akampa Ruben mkono, akaenda zake. Kocha akaniangalia, akasema, "Mwambie wewe," akaingia ndani.

Tukabaki wawili. Ruben aliona walivyompa mkono, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, kama wa mtoto. "Wamesema nini?"

Fiksi zilinijia mdomoni, msidhani hazikuja. Wanafikiria. Watapiga simu. Wamependa sana. Nilikuwa na kumi tayari. Lakini nikamwona na lile sikio, nikashindwa. Nikamwambia yote, neno kwa neno, na la rais, na la kinyozi, na la nchi nzima inacheka. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Nilijiandaa kwa ngumi, na wallahi ningeipokea. Akauliza, "Mzee alisema nilicheza vizuri?"

"Alisema wewe ni mzuri kuliko alivyoambiwa."

"Alisema hivyo kweli? Au ni wewe unaniambia?"

Hilo swali, ndugu zangu. Ngumi ingekuwa nafuu. Nikaapa kwa Mungu wangu, nikaapa kwa mama yangu, na bado nikaona ananipima usoni, hajui aniamini au asiniamini, neno zuri kuliko yote aliloambiwa katika mpira, na limetoka kwenye mdomo wangu mimi. Akatikisa kichwa, akaingia kuoga.

Msimu ulipoisha alirudi kwao. Mimi nimeapa: mtu akiniuliza huyu uliye naye ni nani, nataja jina lake, nanyamaza.